Ngamia Aliyelia Madina, na Punda Wetu wa Leo

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W).

Ndugu msomaji, mwezi huu twazungumza sana juu ya kuwahurumia maskini na mayatima. Hebu leo tutazame wale wasioweza kusema, tukianzia Madina.

Abdullah bin Ja'far (R.A) alizaliwa Uhabeshi, wazazi wake walipohamia huko kukimbia mateso ya Makureshi. Alikuwa bado mtoto siku Mtume (S.A.W) alipompakia nyuma yake, kisha Mtume akaingia katika shamba la mmoja wa Ansari. Humo mlikuwa na ngamia. Alipomwona Mtume, ngamia akatoa sauti ya huzuni, machozi yakamtoka. Mtume akamwendea, akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia. Ndipo akauliza mwenyewe ni nani. Kijana wa Kiansari akajitokeza. Akaulizwa, je, hamchi Mwenyezi Mungu juu ya mnyama aliyemilikishwa? Ngamia amemshtaki kuwa humwacha na njaa na kumchosha kwa kazi. Kisa hiki amekipokea Abu Dawud.

Tazama mpango wake. Kwanza mkono wa upole. Pili, kutafuta sababu. Tatu, kumkabili mwenye mnyama, maana kumbembeleza ngamia halafu kumrudisha kwenye njaa kungekuwa kazi bure. Bi Aisha (R.A) naye alipopanda ngamia mgumu akawa anamvutavuta, Mtume alimwambia ashike upole.

Wanavyuoni wakayachukua mafunzo haya wakayafanya sheria. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, aliandika kuwa muhtasib, yaani msimamizi wa soko, awazuie watu kuwabebesha wanyama mizigo wasiyoiweza. Izzuddin bin Abdisalam wa Damascus, aliyefariki mwaka 1262, alitaja haki za mnyama: alishwe hata akizeeka au akiugua na hana faida tena.

Sasa tuje kwetu. Katika vichochoro vya Lamu, punda ndiye gari. Hubeba mawe, mchanga na saruji. Mwaka 1987 shirika la Kiingereza lililoanzishwa na Bi Elisabeth Svendsen lilifungua kituo hapo Lamu cha kuwatibu punda bila malipo. Lakini kidonda cha mgongo hupona upesi kuliko hofu. Punda aliyezoea kipigo akiona mkono tu hushtuka. Tena punda akiogopa, mara nyingi hukwama pale pale. Sisi twasema ni mkaidi, twaongeza fimbo, na hofu yazidi.

Basi fuateni mpango ule ule. Msogelee kwa upande, polepole, ukisema naye kwa sauti ya chini. Mwache akunuse kwanza. Mpe majani na maji kila siku kwa wakati wake. Usiweke shogi juu ya kidonda, na punguza mzigo. Usimtenge na mwenzake, kwani punda hushikamana sana. Itachukua wiki, pengine miezi, lakini atarudi.

Vijana wenzangu, alasiri ya Ramadhan mtu ana kiu na hasira ziko karibu. Kumbuka punda hakufunga. Maji ya adhuhuri ni haki yake, na saumu yako si udhuru.

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma, na azikubali funga zetu. Amin.