halojeni

nm [i-/zi-] (kemia) Elementi yoyote ya kundi la 17 katika jedwali la elementi, hasa florini (F), klorini (Cl), bromini (Br), iodini (I) na astatini (At). Umoja na wingi ni umbo moja: halojeni hii, halojeni hizi.

Asili. Kigiriki, kutokana na neno lenye maana ya "chumvi" na mzizi wenye maana ya "kuzaa". Jina laafiki tabia: halojeni ikimenyuka na metali huzaa chumvi, kama klorini na sodiamu zinavyozaa chumvi ya mezani.

Sifa. Atomu ya halojeni ina elektroni saba katika ganda la nje, hivyo hupungukiwa na moja tu. Kadiri tunavyoshuka katika kundi, atomu huwa kubwa, na kiini huivuta elektroni ngeni kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa sababu hiyo florini ndiyo kali kuliko zote, na ukali hupungua kuelekea iodini. Metali za kundi la 1 hufuata mwelekeo wa kinyume, kwa kuwa zenyewe hutoa elektroni badala ya kupokea. Wanafunzi wasichanganye kanuni hizi mbili.

Katika joto la kawaida florini na klorini ni gesi, bromini ni kimiminika cha rangi nyekundu ya kahawia, na iodini ni yabisi nyeusi ambayo ikipashwa moto hutoa mvuke wa zambarau. Astatini ni nururifu na adimu mno.

Halojeni kali huiondoa iliyo hafifu katika chumvi yake. Klorini ikipitishwa katika myeyusho wa potasiamu iodidi, myeyusho hugeuka kahawia kwa iodini iliyotolewa; iodini haiwezi kuiondoa klorini katika potasiamu kloridi.

Matumizi. Kiishio -ini hutaja elementi yenyewe; kiishio -idi hutaja ioni yake au chumvi yake. Tofauti hii si ya tahajia tu. Klorini ni gesi ya sumu. Kloridi imo katika chumvi tunayokula.

✗ Maji ya kisima hiki yana florini nyingi.
✓ Maji ya kisima hiki yana floridi nyingi.

Sentensi ya kwanza haiwezekani kikemia, maana florini ikigusa maji humenyuka nayo papo hapo. Kinachobadilisha rangi ya meno ya wakazi wa baadhi ya sehemu za Arusha ni floridi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani katika maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita.

Madini joto. Nchini Tanzania, jina hili hutumika kwa iodini kama kirutubisho: chumvi yenye madini joto. Lifaa katika mabango na vijitabu vya afya, ambako wasomaji wamelizoea. Katika matini ya kemia litumike iodini, kwa kuwa elementi hiyo si metali wala haihusiani na joto. Aidha, kinachotiwa katika chumvi kwa kawaida ni potasiamu iodati, si iodini tupu, ambayo ni sumu ikimezwa. Mfasiri wa lebo ya dawa au ya chakula aandike jina kamili la kampaundi.

Tazama pia: elementi, ioni, kloridi, floridi, mmenyuko.