Boliti za helikopta: Kwa nini hutupwa zikiwa bado nzima

HELIKOPTA ndogo aina ya Robinson R22 huinuliwa na mapanga mawili tu, nayo hushikwa kwenye kitovu cha rafadha kwa boliti chache mno. Rafadha hiyo huzunguka takriban mara 530 kwa dakika, na katika kila mzunguko mzigo juu ya boliti huongezeka na kupungua. Kwa saa moja ni mara 31,800. Ndege inapotimiza saa 2,200, muda uliowekwa na kiwanda wa kuifanyia ukarabati mkubwa, hesabu imekaribia milioni 70.

Hapo ndipo uchovu wa metali unapozuka. Chuma kinachostahimili mzigo mkubwa mara moja huweza kukatwa na mzigo mdogo unaorudiwarudiwa. Ufa huanzia kwenye mkwaruzo, kitone cha kutu au bonde la uzi, kisha hukua kidogokidogo pasipo dalili kwa rubani.

Wengi hudhani kwamba boliti iliyokazwa sana ndiyo inayoumia. La hasha. Ikikazwa kwa kipimo sahihi, vipande vilivyobanwa ndivyo hupokea sehemu kubwa ya mabadiliko ya mzigo. Iliyolegea ndiyo hubeba yote. Kwa hivyo fundi mwangalifu akiikuta imelegea haikazi tena na kwenda zake. Huiondoa, kwani hakuna ajuaye imeteseka kwa muda gani.

Ukaguzi wa kila siku huanza na mstari wa rangi uliochorwa kutoka kwenye nati hadi kwenye kifaa kilicho chini yake. Mstari ukikatika, nati imesogea. Unga mwekundu kama kutu pembeni mwa kiungo huonyesha kwamba vyuma vinasuguana. Boliti ikishatolewa, husafishwa, hutiwa sumaku na kumwagiwa chembechembe za chuma, ambazo hukusanyika palipo na ufa usioonekana kwa macho.

Hata hivyo, ukaguzi hauoni yote. Mwaka wa 2003 nchini Australia, R22 ilianguka baada ya panga lake kuu kukatika karibu na shina. Ufa ulikuwa umeanzia ndani ya tundu la boliti. Ndiyo sababu vifaa kama hivi huwekewa ukomo wa saa, na hubadilishwa hata vikiwa vinang'aa. Mmiliki anayepunguza saa katika daftari la ndege ili kuokoa gharama huwa ameondoa kinga hiyo, na rubani hawezi kujua.

Boliti mpya sharti iwe na nambari ya kiwanda na hati zake, na ikazwe kwa spana yenye kipimo, uzi ukiwa mkavu au umepakwa mafuta kama kitabu cha matengenezo kinavyoagiza. Uzi uliopakwa mafuta bila agizo hudanganya kipimo, boliti ikavutwa kupita kiasi. Ile ya zamani hukatwa vipande isije ikarudi sokoni.