Mpango Kabla ya Mradi: Nani Afundishwe Tathmini ya Kimkakati ya Mazingira Eldoret?

Eldoret ilitunukiwa hati ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, ikawa jiji la tano nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Miaka mitano kabla ya hapo, sensa ya 2019 ilikuwa imehesabu wakazi 475,716 mjini na watu 1,163,186 katika kaunti nzima ya Uasin Gishu. Hadhi mpya inawadai viongozi wa jiji na wa kaunti mipango mingi: mpango jumuishi wa jiji, mpango wa matumizi ya ardhi, mpango wa majitaka, mpango wa barabara, pamoja na mpango jumuishi wa maendeleo wa kaunti unaoandikwa upya kila baada ya miaka mitano. Sheria ya Kenya inataka mipango ya namna hii ipitie tathmini ya kimkakati ya mazingira kabla haijaanza kutekelezwa. Makala haya yanahoji kwamba sharti hilo litabaki kwenye karatasi iwapo mafunzo ya tathmini hiyo yataendelea kuwalenga washauri elekezi wanaoandika ripoti. Mwanafunzi wa kwanza wa taaluma hii anapaswa kuwa yule anayeuandika mpango wenyewe, naye afundishwe wakati kalamu ingali mkononi mwake.

Mto Sosiani unatosha kuonyesha kwa nini ngazi ya mpango ndiyo yenye uzito. Mto huo unatoka nyanda za juu za Kaptagat, unapita katikati ya jiji, unaungana na mto Kipkaren, na maji yake yanaingia mto Nzoia na hatimaye Ziwa Victoria, yakiwa yamepitia Budalang'i, mahali panapojulikana nchini kote kwa mafuriko. Kiwanda kikitaka kujengwa karibu na mto huu, tathmini ya mradi itauliza namna kiwanda hicho kitakavyosafisha maji yake machafu. Mtaa mpya wa nyumba ukipendekezwa, swali litakuwa vyoo vyake na mifereji yake. Kila mradi unaweza kujibu maswali yake vizuri na kupewa leseni, huku mto ukizidi kuelemewa, kwa kuwa hakuna aliyepewa kazi ya kujumlisha. Nje ya jiji hali ni hiyo hiyo. Shamba la ngano linapokatwa vipande kuwa ploti za makazi, ploti moja ni ndogo mno kumtia mtu wasiwasi, lakini maelfu ya ploti hubadilisha mkondo wa maji ya mvua, huibana ardhi oevu kama ile ya Marura, na kuongeza mahitaji ya maji ambayo sehemu yake kubwa hutoka bwawa la Chebara, lililoko kaunti jirani ya Elgeyo Marakwet. Maswali ya aina hii (jiji likue kuelekea wapi, likue kiasi gani, litegemee maji ya nani) hujibiwa na mpango. Mradi unapofika mezani, majibu yamekwisha kutolewa, hata kama aliyeyatoa hakujua kwamba anayatoa.

Namna Kenya ilivyojenga taaluma hii ndiyo inayoeleza kwa nini mafunzo yameelekea upande mmoja. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 iliweka msingi wa tathmini ya athari za miradi na kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Kanuni za 2003 zikafafanua hatua za tathmini hiyo, zikaweka utaratibu wa kuwasajili wataalamu wakuu, wataalamu washiriki na kampuni, na zikaipa tathmini ya kimkakati sehemu fupi tu. Mwongozo wa kitaifa wa tathmini ya kimkakati ulitoka 2012, na marekebisho ya sheria ya 2015 yakaingiza kifungu cha 57A kinachofanya tathmini hiyo kuwa wajibu kwa sera, mipango na programu za ngazi zote, zikiwemo za kaunti. Kwa hiyo soko la wataalamu, leseni zao na kozi zao vilizaliwa na kukomaa chini ya mradi mmoja mmoja, na wajibu wa ngazi ya mpango ukaja baadaye. Si ajabu basi kwamba anayejiandikisha kwenye kozi fupi ni mtu anayetafuta leseni ya kuandika ripoti, na ndiye kozi inayemhudumia. Mchumi wa idara ya mipango ya kaunti, afisa wa bajeti na mwakilishi wadi hawahitaji leseni hiyo, kwa hiyo hawana sababu ya kuingia darasani, ilhali maamuzi yanayopaswa kutathminiwa ni yao.

Gharama ya mpangilio huo imeonekana Lamu. Ujenzi wa ushoroba wa LAPSSET, unaojumuisha bandari, reli, barabara na mabomba ya mafuta kutoka Lamu hadi Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa rasmi Machi 2012. Bandari ilifanyiwa tathmini ya mradi, na ujenzi ukasonga mbele. Tathmini ya kimkakati ya ushoroba mzima ilifuata miaka kadhaa baadaye, wakati mambo ya msingi yalikuwa yamekwisha kuamuliwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba tathmini hiyo ilipaswa kutangulia, ikakosoa ushirikishaji wa umma, na kuamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Funzo la kesi hiyo kwa wanaopanga mafunzo ni bayana. Kenya haikukosa watu wa kuandika ripoti. Kilichokosekana ni waandaaji wa mpango wenye kujua kwamba swali la mahali pa kujenga, na la nani atapoteza riziki, huulizwa kabla ya ramani kuchorwa. Mtathmini awe hodari kiasi gani, akiitwa baada ya uamuzi, hana cha kubadilisha isipokuwa masharti ya pembeni.

Delta ya Mto Tana inatoa ushahidi wa upande wa pili. Huko mashinikizo ya mashamba makubwa ya miwa na ya mimea ya mafuta yalikutana na mgogoro wa muda mrefu wa ardhi na maji kati ya wakulima na wafugaji, mgogoro ulioua zaidi ya watu 100 kati ya Agosti 2012 na mwanzoni mwa 2013. Katika miaka hiyo hiyo mpango wa matumizi ya ardhi wa delta uliandikwa sambamba na tathmini yake ya kimkakati, kazi iliyokamilishwa 2015. Wapangaji na watathmini walikaa pamoja, wakapima njia mbadala za maendeleo, na kuzipeleka vijijini kujadiliwa kabla ya kuchagua moja. Mpango huo haukumaliza kila ugomvi wa delta, na hakuna hati inayoweza kufanya hivyo. Hata hivyo ulithibitisha kwamba maafisa wa serikali wanaweza kujifunza tathmini kwa kuifanya, na kwamba maarifa yaliyopatikana hivyo huingia moja kwa moja katika mpango, kwa sababu aliyejifunza na aliyeandika ni mtu mmoja.

Eldoret ina sababu ya pekee ya kulifanyia kazi funzo hili. Jiji limezungukwa na vyuo vikuu viwili vya umma vyenye uzoefu wa masomo ya mazingira: Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa 1984, na Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichopata hati yake 2013. Zaidi ya hayo, mji huu umewahi kuonyesha namna taaluma inavyofundishwa mahali pa kazi. Skuli ya tiba ya Moi ilipoanza kupokea wanafunzi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilichagua mtaala unaoanzia kwenye tatizo la mgonjwa na la jamii, na kuwapeleka wanafunzi vijijini na kwenye zahanati tangu miaka yao ya mwanzo. Daktari hapaswi kukutana na mgonjwa wake wa kwanza baada ya mtihani wa mwisho. Vivyo hivyo afisa mipango hapaswi kukutana na tathmini baada ya mpango kupitishwa. Mafunzo ninayoyatetea yangefuata kalenda ambayo sheria imekwisha kuiweka. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa sasa unaishia 2027, na wa kuurithi utaandikwa baada ya uchaguzi wa mwaka huo. Kila mwaka kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia tarehe 1 Septemba. Kila hatua ya kalenda hiyo iwe somo: wakati wa kukusanya takwimu, maafisa wajifunze kutambua kikomo cha mto na cha ardhi, wakati wa kupanga vipaumbele, wajifunze kulinganisha njia mbadala na kujumlisha athari, wakati wa bajeti, wajifunze kutenga fedha za ufuatiliaji. Wawakilishi wadi wafundishwe maswali ya kuuliza kabla ya kupiga kura, na jumuiya za watumiaji maji za mito ya Sosiani na Moiben zikae darasani kama wenye maarifa ya mto.

Pingamizi la kwanza ni la uhuru wa tathmini. Itasemwa kwamba afisa akitathmini mpango alioandika mwenyewe, amejifanya hakimu katika kesi yake. Hoja hii ina uzito, lakini inachanganya kazi mbili. Kifungu cha 57A kinaipa taasisi yenye mpango wajibu wa kugharimia na kuandaa tathmini, kisha kinaipa NEMA mamlaka ya kuidhinisha. Uhuru basi una mahali pake, napo ni kwenye mapitio. Kumwacha mpangaji gizani hakuuongezi uhuru huo. Kunahakikisha tu kwamba mapitio yatakuta kosa likiwa limekomaa. Ili wahadhiri nao wasijikute wakisahihisha kazi ya wanafunzi wao, chuo kimoja kiwafundishe maafisa na kingine kishauri mapitio. Mahali penye vyuo viwili mgawanyo huo unawezekana, na washauri elekezi wenye leseni watabaki na kazi ya kutosha katika utafiti wa kina ambao afisa hana vifaa vya kuufanya.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba tatizo ni siasa na udhaifu wa utekelezaji, na mafunzo hayamgeuzi kiongozi aliyeahidi barabara kwenye kampeni. Ni kweli kwamba mafunzo peke yake hayashindi siasa. Lakini utekelezaji wa sheria unahitaji watu wanaoweza kutambua pale ilipovunjwa, na mahakama, kama kesi ya Lamu ilivyodhihirisha, huingia baada ya hasara. Mwakilishi wadi anayeelewa kwamba ahadi ya mtaa mmoja itaathiri maji ya wadi nzima ana hoja ya kisiasa mkononi, na mwananchi aliyeona njia mbadala zikilinganishwa hadharani ana kipimo cha kumhoji kiongozi wake. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ihimize ushiriki wa umma katika kusimamia mazingira na iweke mifumo ya tathmini. Ushiriki wa watu wasiopewa chaguo lolote la kulinganisha huwa ni kuhudhuria tu. Kuhusu gharama, wanaosema kaunti haina fedha za kuwafundisha maafisa wake watazame upande wa pili wa daftari: bomba la majitaka lililopitishwa pasipofaa, au makazi yaliyoruhusiwa kwenye ardhi oevu, hulipiwa na bajeti za miaka mingi.

Linabaki swali la kipimo. Mafunzo ya taaluma hii yamezoea kuhesabu waliohudhuria na vyeti vilivyotolewa, na hesabu hiyo haituambii chochote kuhusu Sosiani. Kipimo kinachofaa ni mabadiliko ndani ya mpango: ni pendekezo gani liliondolewa, lilihamishwa au lilipunguzwa kwa sababu ya tathmini, na je, sababu hiyo imeandikwa mahali ambapo mwananchi anaweza kuisoma? Kaunti ya Uasin Gishu ikichapisha jibu la swali hilo pamoja na mpango wake ujao, vyuo vya Eldoret vitakuwa na ushahidi wa kufundishia, na kaunti nyingine za Bonde la Ufa Kaskazini zitakuwa na mfano wa kuujaribu na kuukosoa. Muda wa kuanza ni sasa, kabla ya rasimu ya kwanza, kwa sababu tathmini isiyoweza kubadilisha uamuzi haistahili gharama yake, na mafunzo yasiyomfikia mwamuzi hayawezi kuzaa tathmini ya aina nyingine.