Sahani za Ponti na Vyungu vya Bibi

Mwaka 2025 kampuni ya mitindo ya Saint Laurent ya Paris ilitoa upya sahani za kauri zilizobuniwa na Gio Ponti, msanifu majengo wa Italia, kwa ajili ya Villa Planchart, nyumba aliyoisanifu mjini Caracas, Venezuela, katika miaka ya 1950. Sahani hizo zimetengenezwa na kiwanda cha Ginori, kilichoanzishwa karibu na Firenze mwaka 1735. Ponti aliongoza kazi za sanaa kiwandani hapo tangu 1923, na mwaka 1925 vyombo vyake vilipata tuzo kuu katika maonyesho ya Paris.

Ponti alifariki mwaka 1979. Kiwanda kilifilisika mwaka 2013, kikanunuliwa na Gucci. Makumbusho yake yalifungwa, hadi serikali ya Italia ilipoyanunua mwaka 2017. Katika misukosuko yote hiyo michoro ilihifadhiwa, ndiyo maana fundi wa leo anaweza kurudia mkono wa mtu aliyekufa zamani, na jina la mbunifu likabaki.

Mimi ni mtu wa Kuluba, Koboko. Mwaka huo wa 1979 serikali ya Idi Amin iliangushwa, na mwaka uliofuata watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Bibi yangu alikuwa mfinyanzi. Alibeba watoto na sufuria moja, vyungu akaviacha. Aliporudi miaka baadaye alikuta vigae tu. Nakshi zake, alizozipiga kwa gunzi la mahindi juu ya udongo mbichi, hazikuandikwa popote.

Si kwamba wafinyanzi wa Afrika hawawezi kujulikana. Ladi Kwali wa Nigeria amewekwa kwenye noti ya naira 20. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Kenya, alikwenda Abuja mwaka 1974 kujifunza huko, na leo kazi zake zimo katika makumbusho makubwa ya dunia. Lakini wote wawili walipata watu wa kuziweka kazi zao.

Likizo iliyopita nilikaa na bibi nikiwa na daftari. Nilichora, naye akanisahihisha: "Hapana, mwanangu, mstari huu unarudi nyuma." Tumemaliza nakshi sita. Chini ya kila moja nimeandika jina lake.