Mwamuzi Aliyemtoa Mwanawe

Katika michezo yote, hapana kazi nzito kama ya mwamuzi. Mchezaji akikosea leo hungoja siku nyingine akajirekebisha. Ama mwamuzi, neno lake likisha kutoka halirudi. Katika Afrika ya Mashariki yuko mtu ambaye kazi hiyo ilimfikisha mahali pagumu mno, naye ni Subhash Modi wa Kenya, aliyekuwa mwamuzi wa kimataifa wa kriketi.

Hapa Kigali mchezo huu ni mgeni. Wabelgiji hawakutuachia, uliingia baada ya mwaka 1994 pamoja na wananchi waliorejea kutoka nchi kama Uganda na Kenya, ambako Waingereza waliupanda zamani. Chama chake kiliundwa mwaka 1999, na mwaka 2017 ukafunguliwa uwanja mzuri wa Gahanga. Basi yafaa tueleze kanuni moja. Nyuma ya mpigaji husimamishwa vijiti vitatu, naye huvilinda kwa gongo lake. Mpira ukimpiga mguuni, nao ungalivigonga vijiti lau si mguu ule, mpigaji hutoka. Mwamuzi, kwa hiyo, huhukumu jambo ambalo halikutokea, kwa macho na dhamiri yake, katika nukta chache.

Hapo ndipo tuhuma huzaliwa. Mwaka 1987, mjini Faisalabad, mwamuzi wa Pakistani Shakoor Rana aligombana na Mike Gatting, nahodha wa Uingereza, hata siku nzima ya mchezo ikapotea. Ili kuondoa shaka ya upendeleo, waamuzi wa nchi za kando waliwekwa katika michezo ya siku tano, na mwaka 2002 wote wawili wakawa wageni. Lakini michezo ya siku moja iliachiwa mwamuzi mmoja wa nchi mwenyeji.

Ikawa Agosti 2006 Kenya ilikutana na Bangladesh mjini Nairobi, naye Subhash Modi ni mwamuzi. Akaja kupiga Hitesh Modi, mwanawe wa kumzaa, aliyeichezea Kenya tangu mwaka 1996, mwaka ule ule Kenya ilipowashangaza West Indies katika Kombe la Dunia. Mpira ukamgonga Hitesh mguuni. Wabangladeshi wakapaza sauti kudai hukumu. Baba akainua kidole: mwana ametoka. Wala hapakuwa na rufani, kwani rufani ya picha ilianza kujaribiwa mwaka 2008.

Watakuwapo wasemao kwamba baba asingalipaswa kusimama pale hata kidogo. Nao wana haki, kwa kuwa mahakamani hakimu hujitenga na kesi ya jamaa yake. Lakini, wasomaji watukufu, tutazame upande wa pili. Penye watu wachache, mwamuzi na mchezaji hutoka nyumba moja, na mgeni wa kuamua hapatikani kila siku. Ndivyo ilivyo katika kriketi yetu changa, na ndivyo ilivyo katika vyama vyetu, ambamo mweka hazina ni shemeji wa katibu na mdaiwa ni mpwa wa mwenyekiti. Kanuni ya kuleta wageni ni njema kwa wenye uwezo nayo. Sisi tusio nayo twahitaji mtu ambaye, damu yake ikisimama mbele yake, kidole chake hakiwi kizito.