Kikomo Kisichosogea: Mchango wa Mwaka katika Akaunti Binafsi za Kustaafu Nchini Marekani, 1974–2008

Historia ya akaunti binafsi za kustaafu nchini Marekani huelezwa mara nyingi kama historia ya kupanuka kwa fursa za kuweka akiba. Makala haya yanadai kwamba kwa takribani miaka 20 kikomo cha mchango wa mwaka kilipungua thamani kwa kuachwa tu kilipo, na kwamba hasara hiyo iliwaangukia walengwa wa awali wa akaunti hizo.

Akaunti hizo zilianzishwa na sheria ya pensheni iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford tarehe 2 Septemba 1974. Mfanyakazi asiye na pensheni kazini aliruhusiwa kuchangia asilimia 15 ya kipato chake, isiyozidi dola 1,500 kwa mwaka, na kiasi hicho hakikutozwa kodi hadi kilipotolewa. Sheria ya kodi ya 1981 ilipandisha kikomo hadi dola 2,000 kuanzia 1982 na kuwaruhusu wafanyakazi wote kuchangia. Mwaka 1986 nafuu ya kodi iliondolewa kwa wenye pensheni kazini na kipato kikubwa, lakini kikomo chenyewe hakikuguswa. Hata akaunti za Roth, zilizoanza 1998, ziliwekwa chini ya kiwango hicho hicho.

Kati ya 1982 na 2001 bei za bidhaa zilipanda kwa zaidi ya asilimia 80. Ili kulinda thamani yake ya awali, kikomo kingepaswa kukaribia dola 3,700. Kwa hiyo, kilipofikishwa dola 3,000 mwaka 2002, ongezeko hilo halikufidia hata kilichokwisha kupotea.

Ulinganisho na mipango ya waajiri ya 401(k) unaonyesha kwamba hali hii haikuwa ya lazima. Kikomo cha mipango hiyo, kilichofungamanishwa na mfumuko wa bei, kilipanda kutoka dola 7,000 mwaka 1987 hadi 10,500 mwaka 2001. Aliyekuwa na mwajiri mwenye mpango alilindwa. Asiye naye aliachwa nyuma.

Sheria ya 2001 ilipanga kikomo kifike dola 5,000 mwaka 2008, kisha kifuate mfumuko wa bei. Kwa waliostaafu kabla ya hapo, marekebisho hayo yalikuja wakati miaka yao ya kuchangia imekwisha pita.