Liemba: meli iliyopakwa grisi ikazamishwa, ikaja kurudisha watu nyumbani

Wakaaji wa Uvira, Baraka, Kalemie na Moba hawahitaji kufundishwa kuangalia chombo cha majini. Mtoto wa ufukweni anatambua boti kwa mlio wa moteri kabla haijaonekana, na ikifika karibu anajua kama imepakiwa kupita kiasi, kwa sababu maji yanakaribia ukingo. Lakini kuna meli moja ya Ziwa Tanganyika ambayo watu wanatoka Ulaya na Amerika kuja kuiangalia tu. Wanaipiga picha, wanagusa chuma chake, na wengine walilipa nauli bila kuwa na mahali pa kwenda. Meli hiyo ni Liemba. Watu wa ziwa wenyewe waliijua kwa njia nyingine, hasa wale walioipanda wakiwa na mtoto mgongoni na sufuria moja mkononi.

Sasa hao wageni wanaona uzuri gani katika meli yenye umri wa zaidi ya miaka 100? Jibu liko ndani ya historia yake.

Ilitengenezwa mwaka wa 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Huyo Götzen si mgeni kabisa kwa watu wa Kivu: mwaka wa 1894 alipita Rwanda, akapanda mlima Nyiragongo, kisha akavuka Kongo yote mpaka Atlantiki. Baadaye akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Wajerumani, na ndiye aliyekuwa akitawala wakati vita vya Maji Maji vilipozimwa kwa kuchoma mashamba na kuwaachia watu njaa. Meli haikulibeba jina lake kwa muda mrefu.

Kule Papenburg meli iliunganishwa, ikafunguliwa tena, ikatiwa ndani ya masanduku 5,000. Masanduku yakapelekwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha Kigoma kwa reli ambayo ilikuwa imefika ziwani mwaka wa 1914. Mafundi watatu wa kiwanda walisafiri nayo: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Vibarua wengi wa Kiafrika walifanya kazi pamoja nao, lakini majina yao hayasimuliwi. Tarehe 5 Februari 1915 meli iliteremshwa majini. Urefu wake ulikuwa karibu mita 70. Ziwani hapakuwa na chombo cha kulingana nayo.

Upande wa Kongo, Wabelgiji hawakuwa na kitu cha kushindana nayo. Meli yao Alexandre Delcommune ilikuwa imeharibiwa na Wajerumani tangu Agosti 1914, na aliyeshika ziwa ndiye aliyeamua nani avuke na nani asivuke. Hapo ndipo Waingereza walipoleta boti mbili ndogo za moteri, na safari ya boti hizo ni jambo ambalo watoto wa Katanga na Tanganyika wangepaswa kusimuliwa shuleni, kwa maana zilipita katika nchi yao.

Boti hizo zilitengenezwa na kiwanda cha Thornycroft cha Uingereza. Zilikuwa za mbao nzuri ya mahogani, urefu wa mita 12 kila moja, na moteri mbili za petroli. Zilikimbia zaidi ya kilomita 30 kwa saa, mwendo ambao hakuna chombo cha ziwa hili kilikuwa nao wakati huo. Komanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wake walikataa, wakaona majina hayo hayana heshima. Akaleta mengine: Mimi na Toutou. Wakubwa wakakubali, bila kuelewa kwamba ni paka na mbwa wale wale kwa Kifaransa cha watoto. Mtu wa Kongo, anayejua lugha zote mbili, anacheka mara mbili, kwa sababu kwa Kiswahili boti ya kwanza inajitaja yenyewe.

Zilishushwa Cape Town katikati ya mwaka wa 1915, zikapanda gari-moshi mpaka Fungurume. Kutoka hapo reli ilikwisha. Zilivutwa juu ya nchi kavu, kupitia milima ya Mitumba, kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu. Wenyeji ndio waliofyeka njia msituni, wakakata miti na kujenga madaraja zaidi ya 100. Mashine zilipokosa maji, ni watu waliokwenda kuyatafuta mbali na kuyabeba kichwani. Kisha Bukama, kisha mto Lualaba, kisha Kabalo, kisha gari-moshi tena mpaka Lukuga, ambako leo ni Kalemie. Zilifika mwishoni mwa Oktoba.

Tarehe 26 Desemba 1915 Mimi na Toutou ziliikamata meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa nyingine, Hedwig von Wissmann. Anayependa boti za moteri anaelewa mara moja kwa nini zilishinda, na pia kwa nini zilikuwa nzuri: nyembamba, ncha kali mbele, hazikubeba kitu kisichohitajika, zilikata maji kama kisu. Lakini uzuri huo ulikuwa na bei yake. Mbao zilikuwa nyepesi kiasi kwamba mzinga wa mbele ulipaswa kupigwa kuelekea mbele tu. Ukipigwa kwa upande, kishindo chake chenyewe kingeweza kuivunja boti. Siku ile Graf von Götzen ilipoonekana ikipita polepole ikitafuta wenzake, Spicer-Simson hakutoka bandarini. Wengi walimcheka kwa hilo. Pengine hawakuwa na haki: kisu hakiendi kupigana na nyundo.

Götzen haikushindwa na boti yoyote. Ilizamishwa na mikono ya wenyewe. Katikati ya mwaka wa 1916, Wabelgiji na Waingereza wakisogea kuelekea Kigoma kwa nchi kavu, Wajerumani waliamua meli isiangukie mikononi mwa adui. Kazi hiyo walipewa mafundi wale wale walioileta. Wangeweza kuilipua kwa baruti na kuondoka. Badala yake walipaka moteri za mvuke grisi nene kila mahali, wakajaza mchanga ndani, na tarehe 26 Julai 1916 wakaiteremsha chini ya maji taratibu, karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Mtu anayefunika kitu namna hiyo anafikiri kwamba kuna siku kitafunuliwa.

Wabelgiji waliiinua baada ya vita, wakaivuta mpaka Kigoma, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka wa 1924. Ilipofunguliwa, moteri na matanki ya mvuke vilionekana bado vinaweza kufanya kazi, baada ya miaka karibu 8 majini. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari upya, sasa kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa upande wa kusini.

Hapo ndipo wapenzi wa meli wanapoanzia. Kwao Liemba si nzuri kwa rangi, kwa sababu rangi inabadilika kila inapofanyiwa matengenezo. Wanaangalia mistari. Mbele yake imesimama wima, haikulala nyuma kama meli za leo zinazotaka kuonekana zinakimbia hata zikiwa zimefungwa bandarini. Ukingo wake umeinuka mbele na nyuma, ukashuka kidogo katikati, kwa sababu mawimbi ya Tanganyika yanapiga kichwa na mkia kabla ya kupiga tumbo. Nyumba ya juu ni ndogo kuliko mwili unaoibeba. Jicho linatulia, bila kujua kwa nini. Chombo ambacho ghorofa zimezidi mwili kinamtia mtu wasiwasi, na wasiwasi huo si ujinga: upepo wa ghafla wa ziwa unajua kusukuma ghorofa.

Kisha wanaangalia ribiti. Mabati ya meli hiyo hayakuchomelewa kwa moto wa umeme kama siku hizi. Yalishikanishwa kwa misumari mifupi minene, ikitiwa motoni na kugongwa ikiwa bado nyekundu, moja moja, maelfu kwa maelfu. Mtu akipitisha mkono juu ya chuma anahisi safu za vichwa vyake, na kila kimoja kiligongwa na mtu. Katika miaka ya 1970 moteri za mvuke ziliondolewa, zikatiwa za dizeli. Wapo wanaosikitika hadi leo kwamba mvuke uliondoka. Masikitiko hayo ni ya watazamaji. Bila dizeli, pengine Liemba ingekuwa chuma kikuukuu kwenye ufuko wa Kigoma, na mambo yaliyofuata yangetafutiwa chombo kingine.

Mwaka wa 1997, baada ya Mobutu kuanguka, Umoja wa Mataifa ulitumia Liemba kuwarudisha Wakongo waliokuwa wamekimbilia Tanzania wakati wa vita. Zaidi ya watu 75,000 walivuka ziwa ndani yake kurudi upande wa Kongo. Meli ambayo wakati wa vita vya Wajerumani ilishika ziwa dhidi ya upande wa Kongo, ndiyo iliyowavusha. Kwa familia hizo, hakuna aliyekuwa akitazama kama mbele imesimama wima. Uzuri wa meli ulikuwa kwamba ina nanga, ina makoti ya kuokolea, na inaelekea magharibi.

Mei 2015 ilikuwa zamu ya Warundi. Maelfu kwa maelfu walitoroka ghasia za Burundi wakajikuta Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na maji. Barabara ya gari haikuwepo. Watu walilala kwenye mchanga, kipindupindu kikaingia. Njia ya kutoka ilikuwa ziwa, na Liemba ikaitwa. Ilibeba watu kama 600 kwa safari moja kwenda Kigoma, ikarudi, ikabeba wengine, ikarudi.

Kagunga haikuwa na gati ambayo meli kubwa inaweza kufunga. Liemba ilisimama mbali kidogo, na watu waliletwa kwa boti za mbao mpaka ubavuni pake, kama ilivyokuwa ikifanya katika vijiji vingi vya ziwa miaka yote. Boti inapanda na kushuka juu ya mawimbi. Anayepanda anapaswa kungoja boti inyanyuke, halafu ashike ukingo wa meli na kuvuka. Kwenye meli ndefu kwenda juu, jambo hilo linataka ngazi na kijana mwenye nguvu. Kwa Liemba ubavu ni mfupi hapo katikati, pale ambapo mstari wa ukingo unashuka, pale ambapo wageni wenye kamera wanaelekeza kidole na kusema ndipo uzuri wake ulipo. Milango ya pembeni iko hapo. Mabaharia wanainama, wananyoosha mikono, na mama anampitisha kwanza mtoto, kisha fungu la nguo, kisha yeye mwenyewe.

Miaka ya karibuni Liemba imeonekana zaidi ikiwa imefungwa Kigoma kuliko ikiwa safarini. Kwenye ubavu wake, karibu na milango hiyo, uko ukingo ulioshikwa na mikono mingi tangu 1927.